Picha Isiyoonyesha Mlima

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba anayekudhuru mara nyingi hatoki mbali. Yuko karibu nawe, pengine karibu kuliko unavyodhani. Methali hii hupendwa sana na watu wenye shuku, kwa sababu huwapa ruhusa ya kumkodolea macho kila anayewapitia ubavuni. Wanachosahau ni kwamba nguo inayotajwa ni ya kwao wenyewe. Mtu akiumwa na chawa hulaumu kwanza kitanda cha wageni, kisha mkeka wa jirani, na kuvua shati lake mwenyewe ndilo jambo analolikumbuka mwisho. Hayo ndiyo yaliyompata Nelly Nakaale, mkutubi wa maktaba ndogo ya jamii mjini Lodwar.

Nelly alikuwa mkutubi hodari, hilo hatumnyimi. Vitabu vyake vilisimama wima kwenye rafu, na vumbi la Lodwar, ambalo huingia hata ndani ya chumvi, lilipata taabu kuvifikia. Ila alikuwa mtu wa shuku kupindukia. Msomaji akirudisha kitabu, Nelly alikitikisa kama mtu anayetafuta nge ndani ya kiatu. Aliyesoma kimya sana alidhaniwa anachana kurasa, na aliyecheka alidhaniwa amekwisha kuzichana. Simu yake aliibana kiunoni, ndani ya mkunjo wa leso aliyojifunga juu ya sketi, na hakuna aliyewahi kupewa hata atazame saa. Alisema watu wa siku hizi huiba kwa macho.

Basi waza uchungu wake siku kamati ya maktaba ilipomtaka aipeleke maktaba mtandaoni. "Wasomaji wetu wako kwenye simu," mwenyekiti alimwambia. "Tuwafuate huko huko." Nelly alihisi kana kwamba anaagizwa afungue milango yote kisha aende kulala. Hata hivyo mkono mtupu haulambwi, na mshahara hutoka kwa kamati, kwa hivyo alikaa mbele ya kompyuta ya ofisi akajifunza. Alifungua ukurasa wa Facebook, akaanzisha kikundi cha WhatsApp cha wasomaji, akajua kupakia picha na kujibu maoni. Na tuseme kweli, alianza kupenda. Watu waliokuwa wakiona haya kuingia maktaba na akala zao za tairi sasa walimwandikia bila woga. Mvuvi mmoja wa Kalokol aliulizia kitabu cha kutengeneza injini za boti, akapelekewa, akakirudisha kikinuka samaki lakini kikiwa kizima.

Kilichovuma kuliko vyote ni albamu aliyoiita Alama Zetu. Kila ukoo wa Waturkana una alama yake ya kuchoma kwa chuma kwenye ngozi ya mifugo, na watoto waliozaliwa mjini, pale Kanamkemer alikoishi Nelly, hawakuzijua tena. Nelly aliwaomba wasomaji wapige picha za alama za koo zao na kuzipakia, pamoja na maelezo mafupi kutoka kwa wazee. Picha zilimiminika. Watu waliokuwa Nairobi waliona alama za babu zao wakaandika kwamba wamelia.

Tovuti ya bure iliyobeba albamu hiyo, yenye ramani yake pembeni, ilitafutwa na mtu anayeitwa Thuok. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwalimu aliyesimamia chumba cha kusomea katika kambi ya Kakuma. Kila mwezi maktaba ya Lodwar ilipeleka huko sanduku la vitabu. Thuok alizijua zana za mtandaoni kuliko mtu yeyote katika kikundi, na kwa kuwa ndiye aliyeiunda albamu, alikuwa na neno lake la siri sawa na Nelly. Hilo lilimkaa Nelly kooni kama mwiba wa samaki. Mgeni ana ufunguo wa nyumba yangu, aliwaza, na hata uso wake nimeuona kwenye picha tu.

Aliyezidi kumtia wasiwasi ni Esekon, mlinzi wa maktaba, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kutoa maoni. "Madam, huyo mtu ya Kakuma anatoa maneno mingi sana kwa picha ya ng'ombe," alisema siku moja huku akisoma simu yake mlangoni. "Ona. Anauliza huyu fahali anaitwa nani. Sasa mtu anataka jina ya fahali ya wenyewe afanye nayo nini?"

"Hata mimi najiuliza," Nelly alijibu.

Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba hata kwa akina Thuok ng'ombe huwa na jina, na kwamba mtu aliyezaliwa katikati ya ng'ombe na sasa anaishi penye mabati matupu huwa na hamu ya kuwazungumzia. Thuok alipotangaza somo la kwenye simu, la kuwafundisha wanakikundi wote jinsi ya kupanga simu zao kabla ya kupakia picha, wengi walihudhuria. Nelly hakuhudhuria. Alisema hawezi kufundishwa kazi yake na mtu aliyemkaribisha juzi.

Ukame ukaingia. Mto Turkwel ulibaki michirizi, na mbali na mto hakukuwa na kijani ila miti ya miiba ya mathenge, ambayo hata mbuzi huila kwa kukosa la kufanya. Wakati huo Nelly alikwenda kumwona mjomba wake, Lokuruka, ndugu wa mama yake. Mzee huyu ndiye aliyemlea baada ya mamaye kufariki, na ndiye aliyeuza ngamia wake bora ili Nelly asome ukutubi. Binti wa ngamia yule bado alikuwepo, jike mweupe aitwaye Nakwang, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakiwashika watoto wa boma lile katika kiangazi hicho.

Mjomba alikuwa amehamia nyuma ya vilima, kwenye kona ya laga, mto mkavu usiopita watu. Hapo alichimba kisima ndani ya mchanga, kirefu, na wake zake na binti zake walisimama ndani yake mmoja juu ya mwingine wakipokezana vibuyu vya maji mpaka juu kwenye hori la mbao. Maji yalitosha boma moja, si zaidi. Kwa desturi yao mwenye kiu hanyimwi maji, ila hufika kwanza na fimbo yake peke yake, akaketi, akaomba, akapangiwa zamu. Na mahali pa kisima cha kiangazi hapatajwi ovyo. Ndugu humwambia ndugu, mdomo kwa sikio.

"Nataka kupiga picha ya alama ya Nakwang," Nelly alimwomba mjomba. "Alama peke yake. Watoto wa mjini waione."

Lokuruka alifikiri huku akiwa ameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mzee wa Kiturkana hutembea nacho mchana na kukilalia kichwa usiku. "Alama ni yetu sote," alisema hatimaye. "Mahali ni pangu. Mtu asijue tuko wapi."

"Hatajua, mjomba. Naapa."

Na kweli Nelly alijitahidi. Alimkaribia Nakwang mpaka pua ya simu ikakaribia kugusa paja. Alihakikisha mlima hauonekani, wala mgunga, wala kona ya laga. Palionekana paja jeupe, alama iliyochomwa, na basi. Aliporudi Lodwar penye mtandao aliipakia akiwa na moyo mweupe, akaandika chini yake jina la ukoo na sifa chache za Nakwang.

Kabla hata chai yake haijapoa, ujumbe uliingia kutoka kwa Thuok, wa faragha, nje ya kikundi. "Madam Nelly, salamu. Hiyo ngamia nyeupe ulipiga picha wapi?"

Nelly alisoma mara mbili. Katika picha zote za albamu, mbona aulizie hii? Akajibu, "Unataka nini na mahali?"

"Nipigie tafadhali. Hii ni maneno ya mdomo, si ya kuandika."

Hapo shuku ya Nelly ikasimama wima kama masikio ya punda. Mtu mwema huandika mchana kweupe, aliwaza. Anayetaka kunong'ona ana lake. Hakupiga. Simu ikalia, akaikata. Ikalia tena, akaikata tena. Kisha ukaja ujumbe wa mwisho: "Basi toa tu hiyo picha kwanza. Nitakueleza."

"Ushauri wako sijauomba," Nelly aliandika. Akamfungia namba yake isimfikie tena, akabadilisha neno la siri la albamu, akamwondolea usimamizi wote. Alipomaliza alihisi raha ya mtu aliyefunga mlango na kuweka na jiwe. Esekon aliposimuliwa alimpongeza. "Hapo madam umefanya kazi. Huyo alikuwa anakuja pole pole."

Siku chache baadaye, kabla maktaba haijafunguliwa, Nelly alimkuta mjomba Lokuruka ameketi mlangoni juu ya kigoda chake. Shuka lake lilikuwa limejaa vumbi la safari, na macho yalikuwa mekundu. Mzee yule hakuwa na mazoea ya kuja mjini.

"Ejok, mjomba," Nelly alimsalimu.

Lokuruka hakuitikia salamu. Kumnyima mtu salamu si jambo dogo.

"Watu walikuja," mzee alisema. "Maboma kwa maboma, na mifugo yao yote. Hawakutanguliza mtu wa kuomba. Kijana mmoja alikuwa mbele ameshika simu mkononi, anaitazama, anageuka, anaitazama tena, mpaka akasimama juu ya kisima changu. Nikamuuliza, nani amekuleta hapa? Akaniambia, maktaba. Akasema kisima kiko kwenye ramani ya maktaba, na maktaba ni ya watu wote, basi na maji ni ya watu wote. Vijana wangu walishika fimbo. Niliwazuia, kwa sababu hata wale walikuwa na kiu na waliamini wamekaribishwa. Mifugo ilikanyaga ukingo, kisima kikaporomoka. Tumehama tukielekea upande wa Kakuma bila maji. Nakwang hakufika."

Nelly alishika mlango. Nakwang alikuwa amemnywesha maziwa kila likizo tangu akiwa msichana wa shule.

"Sasa niambie," mzee alisema. "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, mjomba. Niliweka paja tu."

Waliingia ndani. Nelly akawasha kompyuta ya ofisi na, kwa mara ya kwanza tangu albamu ianze, akaifungua ile ramani ya pembeni, ambayo siku zote aliiona kama pambo. Picha za wasomaji wengine zilikaa pamoja juu ya majina ya miji: Lodwar, Kalokol, Kakuma. Ila moja ilikaa mbali, peke yake. Kulikuwa na nukta nyekundu nyuma ya vilima, kwenye kona ya laga, na alipoibofya, paja la Nakwang lilijitokeza.

Nelly aliona giza. Nukta ile haikuwa ya mkono wake. Yeye hakuwahi kuigusa ramani, hakujua hata namna ya kuigusa. Aliyeileta ramani ni mmoja, aliyekuwa na neno la siri ni mmoja, aliyeuliza picha imepigwa wapi ni huyo huyo mmoja. Alikwisha kuiweka nukta kabla sijamfungia mlango, aliwaza, na yote yakamkaa kichwani sawasawa kama vitabu kwenye rafu.

"Nimemjua," alimwambia mjomba. "Ni mgeni wa Kakuma."

Hasira na huzuni vilimwandikia siku hiyo. Aliifuta picha, kisha akaweka tangazo kwenye ukurasa wa maktaba, mbele ya wasomaji wote, kwamba Thuok wa chumba cha kusomea cha Kakuma ameanika kisima cha watu na kuwaletea hasara, na kwamba watu wajihadhari naye. Maoni yaliyofuata hayafai kurudiwa hapa. Walioanza kwa kumtukana Thuok walimaliza kwa kuitukana kambi nzima. Sanduku la vitabu la mwezi huo lilikuwa tayari limefungwa kwa kamba. Nelly alilifungua, akavirudisha vitabu rafuni.

Mjomba Lokuruka alikuwa na neno moja tu. "Nataka kumwona uso."

Kesho yake walifika Kakuma. Chumba cha kusomea kilikuwa cha matofali ya udongo na paa la mabati, na mlangoni palikuwa na viatu vya watoto vilivyopangwa vizuri. Mzee alisema atangoja nje, ukutani penye kivuli, mpaka Nelly amtoe mtu huyo. Nelly akaingia peke yake. Ndani alimkuta mwanamume mrefu mwenye mistari ya makovu kwenye paji la uso, na mwanamke anayefanana naye akimimina chai kutoka kwenye birika la buluu. Huyu alikuwa Nyaboth, dadake Thuok. Alimtazama Nelly mara moja, akaendelea kumimina, na hakumkaribisha kiti.

"Ejok, Madam," alisema Thuok.

"Sikuja kwa salamu," Nelly alimkata. "Kwa nini uliweka nukta juu ya kisima cha mjomba wangu?"

"Mimi sikuweka."

"Nani basi? Wewe ndiye mwenye ramani."

Thuok alivuta pumzi. Alionekana mtu ambaye hajalala vizuri. "Hiyo simu yako," alisema, "iko wapi?"

Nelly aliigusa kiunoni kwanza, kama kawaida yake. "Ya nini?"

"Mimi sitaishika. Shika wewe mwenyewe. Piga picha hapa ndani, kitu yoyote. Halafu weka kwa albamu, uone."

Nelly alihisi mtego. Lakini alikuwa amekuja kutafuta ushahidi, na angewezaje kuukataa? Akaichomoa simu kutoka kwenye leso, akalipiga picha birika la buluu, kwa karibu sana, hata meza isionekane. Akaipakia. Thuok alirudi nyuma na kukunja mikono, makusudi, ili aonekane hajagusa kitu.

"Sasa fungua ramani."

Nelly akaifungua. Nukta nyekundu ilikuwa imekaa Kakuma, ndani ya kambi, juu ya chumba kile kile walimosimama. Aliibofya na birika likatokea.

Alitazama kidole chake. Akatazama ramani tena. Kwa muda alitafuta namna ya kumhusisha Thuok na jambo hilo, na tunalisema hili bila kumwonea, kwa sababu shuku ni kama kilema cha zamani, mguu hukifuata hata njia ikiwa nyoofu. Lakini Thuok hakuwa na neno la siri tena. Nelly alikuwa amempokonya mwenyewe.

"Simu inajua pahali iko," Thuok alisema polepole. "Ukipiga picha inaandika pahali ndani ya picha. Wewe huoni, lakini ramani inasoma. Wale wengine tuliwafundisha kuzima hiyo kitu na kuandika jina ya mji tu, siku ile ya somo. Wewe hukukuja."

"Ungeniambia."

"Nilikuomba unipigie. Nilikuomba uitoe." Sauti yake ilipanda kidogo, kisha akaishusha. "Niandike nini, Madam? Niandike kwamba huku kuna maji? Simu za kazi zinapita mikono mingi, mimi sijui nani anasoma yako. Na kwetu pia maji ya kiangazi haiandikwi."

"Kwani ulijuaje kama kuna maji? Mimi niliweka paja tu."

Hapa Nyaboth, aliyekuwa kimya muda wote, aliweka chini birika. "Alinionyesha hiyo picha," alisema. "Hata mimi niliona. Ngamia alikuwa na tope kwa mguu. Tope mbichi. Wakati huu wa jua, tope inatoka wapi?"

Nelly alifumba macho, na picha ikamjia yote. Alama katikati, na chini yake, pale Nakwang alipokuwa amepiga magoti kando ya hori, madoa meusi ya tope yanayong'aa kwa unyevu. Alikuwa ameficha mlima na mti na mto. Tope hakuliona kabisa, kwa sababu yeye alisoma alama kama mkutubi anavyosoma jina la kitabu. Kila mfugaji aliyeifungua albamu alikuwa amesoma tope kwanza.

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alikumbuka tangazo lake, matusi yaliyofuata, sanduku lililofunguliwa kamba. Alitaka kusema kitu lakini sauti ya mjomba ilimtangulia kutoka nje.

"Nakaale. Umempata?"

Nelly alitambua jambo ambalo hakulipenda: kwamba akisema ndiyo, yamekwisha. Mjomba atamtazama Thuok uso, atatema mate chini, wataondoka. Mzee hajui ramani wala neno la siri. Mbele yake Nelly angebaki mtoto aliyesomeshwa kwa ngamia na hakumwangusha mjomba wake. Walimwengu walikwisha kumhukumu mgeni, na mgeni amezoea. Alimtazama Thuok akitarajia atajitetea, akidhani hata kunyamaza kwake kuna hila. Thuok alikuwa akikusanya vikombe. Nyaboth peke yake ndiye aliyemkazia macho.

Nelly akatoka nje. Alipiga magoti mbele ya kigoda cha mzee na kuiweka simu juu ya mchanga.

"Nimempata, mjomba," alisema. "Ndiye huyu. Nilikuja naye kwako nimemfunga kiunoni, nikaondoka naye. Mwenyewe ni mimi. Yule mgeni alinionya, nikamfungia mlango."

Kisha akaeleza yote, pamoja na tope. Alipofika kwenye tope mzee alifumba macho kama mtu aliyechomwa. Nelly akalia bila kujificha, akimlilia Nakwang, na akijililia mwenyewe.

"Kwetu," Lokuruka alisema baadaye, "mbuzi akiliwa usiku hatuanzi kwa kumtukana fisi. Tunaanza kwa kutazama kama miiba ilirudishwa mlangoni mwa boma, na nani aliyekuwa wa mwisho kupita. Wewe ulisomea wapi hata ukaanza na fisi?"

Mzee aliinuka, akaipita simu bila kuigusa, akaingia mwenyewe ndani ya chumba. Nelly alimsikia akisema "Ejok," na Thuok akiitikia "Ejok nooi." Kisha mzee akauliza kwa Kiswahili chake kigumu, "Wewe. Uliona tope?"

"Niliona, mzee."

"Kwenu iko ng'ombe?"

"Ilikuwa."

Nyaboth alitoa kiti, na chai ikamiminwa upya. Nelly aliachwa nje mpaka ilipoisha.

Papo hapo, kabla ya kuondoka Kakuma, aliandika kwenye ule ukurasa alioutumia kumwaibisha mwenzake: "Kisima cha mjomba wangu hakikuanikwa na Thuok. Nilikianika mimi, kwa simu yangu, baada ya yeye kuniomba niitoe picha. Nilimsingizia mbele yenu na ninamwomba radhi mbele yenu. Nelly Nakaale, mkutubi." Waliotukana wageni jana yake walimgeukia yeye, na aliyasoma maoni yote bila kufuta hata moja. Esekon aliandika, "Madam, hata mimi nilikuwa nasema tusimhukumu mtu haraka," jambo ambalo lilimfanya Nelly acheke mara moja tu siku ile. Sanduku la vitabu lilifika Kakuma wiki hiyo hiyo, likiwa zito kuliko kawaida.

Msamaha wa mjomba haukuja kwa maneno. Alimpa Nelly adhabu: achukue likizo yake, aje achimbe kisima kipya pamoja na wanawake wa boma, na asimame chini kabisa, penye tope, apandishe vibuyu mpaka mifugo ishibe.

Nelly akaenda. Alipokaribia kona ya laga nyingine, ambayo hatutaitaja, mjomba alimwinulia fimbo asimame. Wanawake waliokuwa kisimani waliacha kazi wakatazama.

"Kung'uta nguo kwanza," Lokuruka alisema.

Nelly hakubisha. Aliifungua leso kiunoni, akaishika kwa pembe mbili na kuikung'uta mbele ya watu wote. Ulianguka mchanga.

"Simu iko wapi?"

"Nimemwachia Thuok, Kakuma. Pamoja na neno la siri. Ndiye anayeishika maktaba mpaka nirudi."

Mzee akateremsha fimbo na kumpa kibuyu. Nelly akajifunga leso yake, akashuka kisimani, akiwa amejifunza kwa kifo cha Nakwang kile ambacho wahenga walikwisha kumwambia bure: kikulacho ki nguoni mwako.